Shajara ya mradi: tarumbeta ya bati ya kusikiliza hidrojeni, Lubumbashi

3 Mei 2025: Tunaanza

Mradi ni huu: kutengeneza antena ya bati yenye umbo la tarumbeta, hapa hapa Lubumbashi, ili tupokee mawimbi ya redio ya sentimita 21 yanayotoka kwenye hidrojeni ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Nafundisha fizikia huku Katuba, niko na kundi la wanafunzi wa sientifiki wenye kiu ya kujua, na nitaandika kila hatua ikiisha ili shule ingine, iwe ya Likasi, Kolwezi ao hata Bukavu, inakili kazi bila kupoteza pesa pale pale sisi tulipoteza.

Kwa nini hidrojeni? Juu ni karibu robo tatu ya uzito wa vitu vyote vya kawaida ulimwenguni, na ni ya zamani kupita nyota yoyote. Chukua maji ya bidoni pale nyumbani: oksijeni yake ilipikwa ndani ya nyota, lakini protoni za hidrojeni yake zilianza kutokea kabla hata sekunde ya kwanza ya ulimwengu kuisha. Hakuna kitu utashika kwa mkono chenye umri kupita huo. Niliwaambia batoto hivo, mmoja akauliza: "Sasa Mwalimu, tunaweza kuiona?" Kuiona kwa macho hapana, ila kuisikia kwa redio inawezekana.

Mfano tunaoufuata ni wa Harold Ewen na Edward Purcell wa Harvard. Mholanzi Hendrik van de Hulst alishapiga hesabu mwaka 1944, nchi yake ikiwa bado chini ya Wajerumani, kwamba hidrojeni baridi ya angani inapaswa kutoa wimbi la sentimita 21, yaani megahezi 1420.4. Tarehe 25 Machi 1951 Ewen na Purcell wakalinasa, kwa tarumbeta ya mbao iliyofunikwa shaba, imetokezwa nje ya dirisha la maabara, na msaada waliopewa ulikuwa dola 500. Sisi hatuna hizo, ila umbo ni lile lile, na bati linaweza kufanya kazi ya ile shaba.

17 Mei: Karton imeshindwa, tumeenda kwa tolie, fundi wa bati

Tulianza na karton nene iliyobandikwa alimini ya jikoni, juu ni rahisi na nyepesi. Haikudumu. Alimini inachanika kwenye kona, gundi inaachia jua likipiga, na upepo wa huu mwezi ukakunja upande mzima. Dola 6 zimeenda. Usipite njia hii kama antena italala nje.

Basi tukachukua bati laini la kunyooka, lile la mabati matupu bila mikunjo, tukapeleka soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, kwa mzee anayetengeneza mbabula (majiko ya makala) na masanduku ya safari. Alitazama mchoro wetu muda mrefu. "Mwalimu, hii njo nini? Haina miguu, haina pa kutia makala." Tukamueleza. Alichofanya kilitushinda sisi wote: tulitaka apige riveti, yeye akakataa, akasema riveti zinaacha nafasi kati kati, akakunja kingo mbili zikaumana kisha akazigonga kwa nyundo ya mbao mpaka zikawa kitu kimoja, vile anafanya kwa ndoo isivuje. Kwa redio hiyo njo kazi bora kabisa, juu umeme unapita kwenye kiungo bila kukatika. Alitaka pia kupaka rangi, hapo tukamuomba asipake ndani wala kwenye viungo.

Vipimo kwa mwenye kunakili: mfereji wa nyuma, ule wa mstatili, ni sentimita 16.5 kwa 11 na urefu 25, umefungwa nyuma. Mdomo wa mbele ni 75 kwa 60. Kutoka mfereji hadi mdomo kina cha sentimita 70. Upande mpana wa mfereji uelekee upande mpana wa mdomo. Antena ya hivi inatazama kipande cha anga cha digrii kama 20, ni kipana, lakini Njia Nyeupe nayo ni pana.

7 Juni: Waya ya shaba mahali pabaya

Ndani ya mfereji kunasimama kipande cha waya ya shaba, kimechomelewa kwenye konekta, njo chenye kupokea wimbi. Urefu wake ni robo ya wimbi, tulikata 5.2. Hakuna shida hapo, na waya ya shaba Lubumbashi si kitu cha kutafuta mbali.

Shida ilikuwa umbali wake kutoka ukuta wa nyuma. Vitabu vinasema "robo ya wimbi", tukapima 5.3 tukatoboa. Jaribio letu la kupima antena ni rahisi: unaielekeza chini kwenye udongo, ambao una joto la karibu kelvini 300, kisha unaielekeza juu anga tupu, ambayo kwa redio ni baridi sana. Kelele ikishuka vizuri kati ya udongo na anga, antena inafanya kazi. Yetu ilishuka deshibeli 1.2 tu. Hiyo ni kama kiziwi.

Sababu moja: ndani ya mfereji wimbi linarefuka. Kwa upana wa 16.5 lile wimbi la 21.1 linakuwa 27.4, na robo yake ni 6.9, si 5.3. Tumeziba tundu la kwanza kwa bati na risasi ya kuchomelea, tumetoboa lingine kwenye 6.9. Kama mfereji wako una upana tofauti, piga hesabu upya, usichukue namba yetu.

Sababu ya pili ni kebo. Tulivuta mita 10 za kebo ya televisheni kutoka antena hadi darasani, na kwa frekansi hii inakula karibu nusu ya nguvu yote kabla haijafika popote. Ampli, kifaa cha kukuza mawimbi, lazima ikae pale pale kwenye konekta, kebo ije baada yake. Dola 7 za kebo hazikuwa na kazi.

21 Juni: Tunangoja ampli, tumepiga hesabu ya hidrojeni yenyewe

Ampli yenye filta ya 1420, yaani inapitisha frekansi za karibu na hapo tu, inakuja na mutu anatoka Afrika Kusini, bado iko njiani. Muda huu hatukuuacha upite bure, tumeandika programu ndogo ya kompyuta, kwa lugha ya Python, kujibu swali moja: kwa nini robo tatu? Kwa nini hidrojeni haikuisha yote, ao kwa nini haikubaki peke yake?

Mwanzoni kabisa, ulimwengu ukiwa na umri wa sehemu chache tu za milioni ya sekunde, joto lilikuwa kubwa mno hata protoni hazikuweza kuwepo, kulikuwa supu ya kwaki tu, zile chembe ndogo zinazojenga protoni. Ilipopoa, kwaki zikashikana tatu tatu, zikatokea protoni na nyutroni. Protoni peke yake njo kiini cha hidrojeni, kwa hiyo hidrojeni haikuhitaji kupikwa, ilipatikana hapo hapo. Nyutroni ni nzito kidogo kuliko protoni, na kwa joto lile neutrino (chembe nyepesi mno) na elektroni zilikuwa zinageuza hii kuwa ile na ile kuwa hii bila kupumzika.

Programu ya kwanza ya batoto ilisema huo mgeuzano unaendelea vizuri mpaka dakika ya tatu. Jibu likatoka: nyutroni moja tu kati ya mamilioni ya protoni, yaani ulimwengu wa hidrojeni tupu, karibu bila gesi ya heli. Si kweli, juu heli iko nyingi, tunaiona kila mahali tukipima gesi ya zamani. Tulirudia kodi mstari kwa mstari, hesabu ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kwenye fizikia: neutrino hazishiki vitu kwa nguvu. Ulimwengu ulikuwa unatanuka haraka, na kwenye sekunde ya kwanza hivi neutrino zikashindwa kufuata, mgeuzano ukasimama. Tukaweka hiyo, uwiano ukasimama kwenye nyutroni 1 kwa protoni 6 hivi.

Kisha kuna kungoja. Nyutroni ikiwa peke yake inaoza, wastani wake ni sekunde kama 880. Kujiokoa lazima ishikane na protoni, iwe deuteri. Lakini deuteri ni dhaifu, na kwa kila protoni ao nyutroni moja kulikuwa na chembe za mwanga zaidi ya bilioni, kila ikishikana inapigwa inavunjika. Mpaka joto lishuke hadi karibu kelvini bilioni 1, dakika chache zimeshapita na uwiano umekuwa 1 kwa 7. Hapo deuteri inapona, na karibu nyutroni zote zinakimbilia ndani ya heli.

Hesabu ya mwisho tulifanya juu ya meza kwa mahindi 14 (protoni) na maharagwe 2 (nyutroni), juu nilitaka wa madarasa ya chini nao waelewe. Heli inachukua maharagwe 2 na mahindi 2. Yanabaki mahindi 12 peke yao. Nne kati ya kumi na sita ni robo, hiyo heli. Kumi na mbili ni robo tatu, hiyo hidrojeni. Hidrojeni yote tuliyo nayo ni zile protoni zilizokosa nyutroni ya kushikana nayo. Kama ulimwengu ungetanuka haraka zaidi, mgeuzano ungesimama mapema, nyutroni na protoni zikiwa karibu sawa, karibu zote zingeishia kwenye heli na hakungekuwa na maji. Hii kitu nimeifundisha miaka, lakini kuona namba zinasogea kwenye ekrani vile batoto wanabadilisha mwendo wa kutanuka, nilisimama tu natazama.

Swali lililokuja, na Lubumbashi lazima lije: "Na shaba yetu je?" Shaba haikutoka pale. Ralph Alpher na George Gamow mwaka 1948 walitumaini vitu vyote vilipikwa mwanzoni, lakini hakuna kiini imara chenye chembe 5 wala chenye 8, ngazi inakatika pale, na ulimwengu ulikuwa unapoa. Baada ya heli ilibaki litiamu kidogo sana. Shaba ilibidi ingoje nyota kubwa.

12 Julai: Ampli imefika, na kilele cha uongo

Ampli imefungwa kwenye konekta, inapata volti kama 4.5 kupitia kebo yenyewe kutoka kiredio cha USB kinachochomekwa kwenye laptopu, RTL-SDR Blog V3. Udongo dhidi ya anga: deshibeli 3.6. Hiyo inamaanisha kelele ya mfumo ni kelvini kama 200, inatosha.

Tukaweka kiredio kwenye 1420.4 kamili na pale pale katikati ya ekrani kikasimama kilele kirefu, chembamba. Batoto walishangilia mpaka majirani wakatoka. Niliwaomba tufanye majaribio mawili kabla ya kuandika chochote, na kila mwenye kunakili ayafanye pia. La kwanza, elekeza antena kwenye udongo: kilele kilibaki. La pili, sogeza kiredio hadi 1420.0: kilele kilihama nacho, kikabaki katikati ya ekrani. Hidrojeni haiwezi kukufuata. Ni alama ya kiredio chenyewe, viredio vingi vya bei hii vinaiweka katikati. Dawa: usiweke hidrojeni katikati, weka kiredio kwenye 1419.8 hivi, hidrojeni ikae pembeni na ile alama uijue.

26 Julai: Inveta

Umeme ukikatika, na unakatika, tulikuwa tunaendesha laptopu kwa inveta ya betri. Ikiwaka, ekrani inajaa vilele kila baada ya nafasi sawa, kama meno ya kitana. Tulijaribu kuifunika kwa bati, ikapungua lakini haikuisha. Tulizungusha kebo kwenye feriti ya zamani, ile pete ya kuzuia kelele ya redio, ikasaidia kidogo tu. Kilichosaidia ni kuzima inveta kabisa, laptopu kutumia betri yake yenyewe, na kuchaji mchana. Jenereta za jirani kumbe hazina shida, ni chaja zao ndogo ndogo za simu zenye kelele, tukasogeza antena nyuma ya jengo na ukuta ukatukinga.

9 Agosti: Imeonekana

Antena imesimamishwa ikitazama juu moja kwa moja, haisogezwi, Dunia inazunguka na anga linapita mbele yake. Hapa kwetu, digrii kama 11.7 kusini ya ikweta, Njia Nyeupe inapita juu ya kichwa karibu na kundi la nyota la Mshale, sehemu nene kabisa ya galaksi. Wenzetu wa Ulaya wanaiona chini chini karibu na upeo, sisi inapita juu ya vichwa vyetu, na nataka kila mwanafunzi wa Kongo ajue hiyo.

Kila dakika programu inaandika wastani mmoja, kisha tunagawa kwa kipimo cha anga tupu ili umbo la filta liondoke. Kuanzia saa mbili usiku kilima kikaanza kuinuka kushoto kidogo ya 1420.4. Si sindano nyembamba, ni kilima kipana chenye mabega. Kufika saa tatu na nusu kilikuwa karibu asilimia 15 juu ya kelele. Tukainamisha antena kwenye udongo: kimepotea. Tukairudisha: kiko. Tukahamisha kiredio: hakikuhama.

Hapa batoto hawakushangilia, walikuwa wanasoma namba. Chembe moja ya hidrojeni ikiachwa peke yake, kutoa wimbi hili inangoja wastani wa miaka milioni 11 hivi. Tunaisikia juu ziko nyingi kupita kiasi.

23 Agosti: Kuhakikisha, na mwendo

Mashaka yangu yalibaki moja: labda ni kifaa cha mutu kinachowashwa kila usiku saa ile. Jirani anafuata saa ya ukutani, nyota hazifuati, zinapita mapema dakika kama 4 kila siku. Leo kilima kile kile kimefika kileleni saa mbili na nusu, karibu saa nzima mapema kuliko tarehe 9. Mashaka yameisha.

Yale mabega njo utajiri wenyewe. Gesi inayotuacha, wimbi lake linashuka frekansi: kila kilohezi 4.74 ni kilomita 1 kwa sekunde. Ukitoa mwendo wa Dunia, ambayo mwezi huu inakimbia ikiuacha upande ule kwa karibu kilomita 24 kwa sekunde, na ukirekebisha ule wa Jua, bega la kushoto linafika karibu kilomita 100 kwa sekunde. Huo ni mzunguko wa galaksi, umepimwa kutoka Katuba kwa bati la mbabula.

Lazima niseme wazi pia kile hatujasikia, juu kuna bantu wameanza kueneza mtaani kwamba tumenasa sauti ya Mlipuko Mkuu, ule wa mwanzo wa ulimwengu. Hapana. Hidrojeni ni ya mwanzo, lakini wimbi tulilopokea limetoka juzi juzi, miaka elfu kadhaa ao elfu makumi, ndani ya galaksi yetu. Tena mwanzoni hidrojeni ilikuwa viini tu, elektroni zilitulia juu yake baada ya miaka kama 380,000, joto likiwa karibu kelvini 3000, na bila elektroni hakuna wimbi la sentimita 21. Mwanga wa wakati ule wa kutulia upo mpaka leo, Arno Penzias na Robert Wilson waliupata New Jersey, matokeo yakatoka 1965, nao kwa tarumbeta, kubwa lakini.

Hidrojeni ya wakati nyota za kwanza zinawaka nayo inatoa sentimita 21, ila njiani wimbi limevutwa na kutanuka kwa ulimwengu. La miaka milioni 300 hivi baada ya mwanzo linafika likiwa karibu na megahezi 98, katikati ya redio zetu za FM kabisa. Njo maana wanalitafuta jangwani Karoo, Afrika Kusini, kwa antena za HERA, mbali na stesheni. Mwaka 2018 kundi la watafiti la EDGES lilitangaza limeona alama ya wimbi hilo kwenye megahezi 78, mwaka 2022 antena ya SARAS 3 ya India ikapima na haikuiona. Kwa hiyo kazi bado iko wazi, na iko kwenye bara letu. Msichana mmoja wa mwaka wa 4 ameshaniuliza atasoma nini ili afike pale.

13 Septemba: Gharama na mvua

Pesa yote: bati 22, kazi ya tolie 15, mbao za kusimamishia 8, kiredio 40, ampli yenye filta 50, usafiri 20, konekta na kebo fupi 9. Ongeza zile 6 za karton na 7 za kebo ndefu, jumla dola 177. Ukiepuka hizo mbili za mwisho unafanya kwa 164. Laptopu ilikuwepo. Ukikosa pesa ya vyote, usipunguze kwenye ampli, punguza kwenye mbao.

Kinachofuata ni kuinamisha antena kusini, upande wa Msalaba wa Kusini, tuone gesi inayotujia, bega likiwa kulia badala ya kushoto. Kabla ya hapo mvua. Mdomo tutaufunika kwa plastiki nyepesi ya shambani, redio inaipita bila shida, na tundu la kutolea maji tutalitoboa kwenye mfereji wa nyuma, kona ya chini kabisa kwenye ukuta wa mwisho, dogo la milimita 4, upande usio na waya ya shaba. Konekta inavikwa mpira wa tairi ya baiskeli na kufungwa kamba. Tolie amesema atakuja mwenyewe kukagua viungo baada ya mvua ya kwanza.